Mwalimu Aliyekula Kahawa Kwetu

Juzi, rafiki yangu, senene mmoja, panzi wetu wa kijani, aliingia dirishani akatua juu ya daftari langu la hesabu. Wavulana thelathini tulimwona, na hakuna aliyecheka. Mwalimu wetu wa sasa hutembea na fimbo utadhani ana miguu mitatu. Nikakaa namtazama yule senene, benchi linaniwasha, nikakumbuka darasa la tisa.

Usinicheke kwamba nakumbuka ya zamani na shule sijamaliza. Miaka miwili ni mingi kwa mtu asiyeweza kutulia.

Mwaka ule tulikuwa wabaya. Walimu wawili wa hesabu walishaomba uhamisho kwa sababu yetu, hasa yangu. Akaja wa tatu, mfupi, mwenye sauti ya chini, mtu wa kisiwa cha Bumbire, kule ziwani. Habari hiyo ilitufanya tumshukuru Mungu, Wakatoliki na Walutheri kwa pamoja. Kila alipoingia nilikohoa mara moja, na darasa zima likaanza kupiga makasia hewani, madawati yakilia kwiii, kwiii, mpaka afike ubaoni.

"Tumefika Bumbire, mwalimu!" nilipiga kelele. "Tushuke?"

"Bado," alijibu, akiokota chaki. "Upepo mkali. Kaeni kwanza."

Hakuchapa mtu, na hilo lilituudhi. Kiboko unakipokea, unajisugua, mnakuwa sawa. Asiyechapa utamfanyaje?

Bwana Mkuu wa shule, Mzungu wa soksi ndefu, alisimama mlangoni akamwambia mwalimu mbele yetu kwamba Jumatatu ya wiki ijayo atakaa nyuma ya darasa asikilize. Akisikia kelele zile zile, mwalimu atarudi kisiwani kufundisha watoto a-e-i-o-u. Mwalimu akasema ndiyo, bwana. Mimi nilishaanza kuwaza senene.

Ulikuwa msimu wao, na uwanja wa mpira ulijaa kijani alfajiri. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: foronya iliyojaa senene hai, niifungue Bwana Mkuu akishaketi.

Jumamosi nilikwenda kwa bibi, Kemondo. Ndizi zilikuwa motoni chini ya majani yake, nami nimekaa mlangoni nikinyonyoa mabawa ya senene wa chakula cha mchana, niliposikia kengele ya baiskeli. Mwalimu! Suruali kaifunga kwa kamba, vumbi hadi kwenye nyusi. Nikajua nimekwisha.

"Karibu, waitu, mtu wetu," bibi alisema, akaleta kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya harufu kisha ikaanikwa juani. Mwalimu alipokea kwa mikono miwili, akatafuna taratibu. Nikasubiri mashtaka.

"Mjukuu wako ana sauti," alisema. "Akinyamaza yeye, darasa zima hunyamaza."

"Ya babu yake hiyo," bibi akajibu, kafurahi kweli.

Basi. Akaaga, akaondoka. Bibi alifunika kikapu, akasema bila kunitazama, "Huyo ameshakula kahawa yetu. Akidharauliwa yeye, tumedharauliwa sisi. Umesikia, mwana wange?"

Jumatatu Bwana Mkuu alikaa nyuma. Foronya ilikuwa chini ya dawati, inachakarika kama mvua ya mbali. Darasa lilisubiri kikohozi changu. Koo lilinikereketa. Nikaisukuma foronya kwa mguu kwa jirani yangu wa Muhutwe.

"Fungua wewe."

"Siwezi," alinong'ona. "Amekula kahawa kwetu. Mwezi uliopita."

Akaisukuma mbele kwa yule mnene wa Kamachumu, naye akairudisha kama aliyeungua. "Na kwetu! Tena na ndizi juu!"

Tukatazamana. Kumbe kila Jumamosi yule bwana alikuwa akipanda vilima kwa baiskeli, kutoka mlango wa mkorofi mmoja hadi wa mwingine, wala hakumshtaki hata mmoja.

Hakuna aliyekohoa. Mwalimu alifundisha pembetatu kipindi kizima, foronya tu ndiyo ikizungumza. Bwana Mkuu aliandika, akaandika, akatabasamu. Jioni senene tuliwapeleka jikoni kwa mpishi wakakaangwa, na mwalimu tukamtengea sahani. Tulijiona tumemwokoa.

Baada ya Krismasi hatukumkuta. Bwana Mkuu alipendezwa mno: mtu aliyetuliza darasa lile, alisema, anahitajika kwenye shule ya wakorofi zaidi, ng'ambo ya ziwa. Zaidi yetu! Nilikasirika mara mbili.

Bibi bado huniuliza kuhusu huyu wa fimbo. "Amekula kwa nani?" Namwambia hajala kwa mtu. Njia ya kwetu haijui, anajua migongo yetu tu. Darasa limenyamaza, ndiyo, lakini kimya cha siku ile kilikuwa chetu. Tulikishika wenyewe kwa meno. Hiki tumebandikwa.

Yule senene nilimfunika kwa kiganja. Alikuwa akipiga mateke. Nikavumilia, nikavumilia, kisha nikakohoa mara moja.

Nyuma yangu, dawati moja likalia kwiii.