Redio Ilikatika Katikati ya Jina

Siku ile tulikuwa watu wanne ndani ya nyumba, nawataja wote ili asije mtu akasema nimemsahau mmoja. Wa kwanza mimi, koko, yaani bibi, niliyeshuka kutoka kijijini Nyantende magoti yaliponikatalia shamba. Wa pili binti yangu wa kwanza, mwenye nyumba hii ya mjini, Nguba, mwimbaji wa korali. Wa tatu mume wake, mkwe wangu, alikuwa uani anaosha pikipiki. Wa nne mjukuu wangu wa kike, mtoto wa marehemu mwanangu, anayesoma chuo kikuu na anayemwita binti yangu tantine, yaani shangazi. Majina yao ninayo, na ya baba zao, na ya wote waliooa na kuolewa huko kwao. Hapa sitayaandika.

Mjukuu alikuwa ameunda kompyuta kwa mikono yake, kipande hiki huku, kingine kule, hadi ikawaka. Niliiona ikiwa bado uchi juu ya meza, matumbo nje kama kuku wa sikukuu. Kila siku baada ya chakula ananiita, nakaa kitandani kwake, nataja watu wa kilima chetu, kuanzia yule aliyefyeka pori la kwanza. Yeye anaandika, na sauti yangu inaingia mle ndani. Mimi niliacha shule mwaka wa pili. Kuona mtu wa chuo kikuu anasimamisha vidole na kusema, "Koko, rudilia hilo jina," ilikuwa furaha yangu yote ya uzee. Tulikuwa tumefika kwa wajomba wa mama yangu.

Jumamosi hiyo umeme ulirudi baada ya siku tatu. Huku kwetu umeme ukirudi, kila mkono unakimbilia ukuta. Nyumba yetu nayo ina disjoncteur dhaifu, kile kiswichi kikubwa cha koridoni. Ukiongeza kitu kizito kinaruka, nyumba nzima inazimika. Mjukuu akasimama koridoni.

"Nawaomba dakika kumi tu! Naiwekea ordi, hii kompyuta yangu, mise à jour ya ile programu yenye kuiamsha asubuhi. Courant ikikatika katikati, haiamuke tena. Mutu asichomeke pasi, asichomeke réchaud ya kupikia!"

"Tumesikia, mama," binti yangu akajibu kutoka chumbani kwake. "Na kupumua tuache?"

Akacheka, akaiacha mashine inaendelea yenyewe, akaenda msalani.

Mimi nilikuwa saluni, yaani sebuleni, na redio ya umeme, nasikiliza matangazo ya vifo. Wengine wanapenda mpira, mimi napenda matangazo ya vifo, kwa sababu mle watu wanapangwa vizuri, watoto, wakwe, wajukuu. Mtangazaji alikuwa anasoma familia moja ya Miti. Alipofika kwa mkwe wa tatu, akataja nusu ya jina lake, redio ikanyamaza. Harufu ya nguo ya moto ikapita. Nikasikia miguu koridoni, kisha "tak", kiswichi kimeinuliwa. Redio ikarudi, imeshafika familia nyingine.

Ndipo mjukuu akarudi, akalia chumbani mwake. Alipotoka alimkuta tantine wake amesimama pale pale koridoni.

"Imezimika! Nani ameigusa?"

Asubuhi nilikuwa nimefagia chumba hicho, na ufagio ulikuwa bado nyuma ya mlango. Binti yangu akauangalia, akasema, "Si koko na ufagio wake? Nimemuona anatoka humu sasa hivi. Atakuwa amevuta kamba ya umeme. Muzee, hajue."

Mjukuu akanigeukia, nimesimama mlangoni mwa saluni. "Koko, si niliwaomba?"

Nilifungua mdomo. Hapo hapo mkwe wangu akaingia, mikono ina maji, anauliza kuna nini. Nikaufunga. Kwetu mama mkwe hagombani ndani ya nyumba ya mkwe wake. Hata usoni simwangalii. Binti yangu anaijua desturi hiyo. Nilimfundisha mimi.

Wiki nzima mjukuu alihangaika. Ukiwasha, feni inazunguka, kioo cheusi. Alichomoa vipande vya kumbukumbu, akavisugua kwa gomme, kifutio cha wanafunzi, akavirudisha kimoja kimoja. Alitoa betri ndogo kama ya saa, akangoja, akairudisha. Aliazima sanduku la umeme kwa mwenzake. Na kila kitu anakisemesha: "Ni weye? Haya, toka, tujaribu bila weye." Nilikuwa nimekaa koridoni kwenye kigoda, nasikia. Aliiuliza betri, aliziuliza nyaya, hata kioo alikiuliza. Mimi hakuniuliza. Na mlango ule, ambao haukuwahi kuwa na ufunguo, sasa ulikuwa nao.

Jumapili korali ilivaa vikwembe vipya, vile vitenge vya sare. Binti yangu alikifunga chake akificha upande mmoja, lakini wakati wa kupeleka matoleo kikafunguka, nikaiona alama ya pasi, kahawia, imechongoka kama jani. Nikangoja hadi tulipokuwa tunapanda kurudi.

"Kikwembe kimeungua."

Akatembea kwanza. "Niliacha pasi juu yake nikakimbilia disjoncteur. Mama, ningesema nini? Mimi kwake ni tantine tu, angehama kwangu na kwenda kunisema kwa ukoo. Weye ni koko. Koko anasamehewa."

Akanipokea mkoba. Nikamnyang'anya.

Jumanne mjukuu akasoma ndani ya kitabu cha mashine kwamba kuna kitufe kidogo nyuma: unachomeka flash yenye programu, unakibonyeza, mashine inajiponya bila kioo. Akabonyeza. Taa ikakonyeza mara tatu, ikafa. Akasoma tena. Kumbe programu ile lazima iitwe jina lililoandikwa kitabuni, herufi kwa herufi, la sivyo mashine haiitiki. Akaibadilisha jina. Safari hii taa ilikonyeza dakika nyingi, na binti yangu alikaa jikoni amekalia mikono yake.

"Koko, kuya uone! Imeamuka! Sauti yako yote iko! Kuya, nimeshakusamehe."

Nikaenda hadi mlangoni, sikuingia.

"Siku ile redio ilikatika," nikasema.

"Redio gani?"

"Ya saluni. Ilikatika kwa mkwe wa tatu wa marehemu wa Miti." Nikamtajia nusu ya jina, ilipoishia. "Kama ni mimi nilivuta kamba yako, redio ilizimwa na nani?"

Yeye amesoma mambo ya umeme. Akaangalia upande wa jikoni.

"Juu ya nini haukusema ile siku?"

"Juu ya nini haukuniuliza?"

Akafuta macho, akanivutia mto kitandani. "Ikaa, koko. Tulifika kwa nani?"

"Nimesahau," nikamwambia.

Sikuwa nimesahau. Tulifika kwa mjomba wa pili, aliyeoa mara mbili. Sasa naandika mwenyewe ndani ya daftari la shule, herufi zangu zimepinda, na majina yote yamo. Hapa sikuyaweka kwa sababu mwenye pasi ni mtoto wangu, nilimzaa mimi. Lakini sisi wanne tunajijua. Kama kulikuwa na mtu wa tano, au kama pasi ilikuwa baridi, njooni mnisahihishe. Kalamu ninayo.