Asubuhi Attracta Alipolikalia Jua

Kila Machi, usiku na mchana vinapolingana, nusu ya kijiji hupanda Kilima cha Ajuza kabla hakujapambazuka, na Attracta Gilsenan hubaki chini getini akiwachemshia chai. Watu wa kale walijenga kule juu kaburi la mawe, wakalielekeza mashariki ili jua la siku hizo liingie kwa ujia mwembamba na kuupiga ukuta wa nyuma waliouchonga michoro. Fintan, mumewe, alikuwa akishuka kila mwaka na maneno yaleyale: mwanga una rangi ya siagi, na mawe yanaamka.

"Kunywa chai yako, mwongo wee," Attracta alikuwa akimjibu.

Fintan akafa kabla hawajaumaliza ubishi huo. Sasa goti la Attracta nalo lilikuwa karibu kumwisha nguvu. Akaapa kwamba mwaka huu atapanda ajionee mwenyewe kama mumewe alikuwa akimdanganya.

Jioni iliyotangulia aliitoa nje sanamu ya Mtoto Yesu na kuiweka bustanini, kama wafanyavyo kwao mkesha wa harusi ili mvua isinyeshe.

"Unamsumbua Mtoto Yesu kwa kaburi la wapagani?" aliuliza Malachy, jirani yake, mshika ufunguo wa kaburi.

"Jua ni la Baba yake. Wewe kesho nishike mkono tu, maneno yaache."

Alfajiri wakapanda, upepo ukiwachapa, Attracta akiwatukana kondoo waliomkodolea macho. Mashariki kulitanda wingu zito. Watu wakampisha mbele ya foleni, akajikunja, akaingia peke yake gizani. Akangoja na woga umemshika. Je, ikiwa kweli Fintan alikuwa mwongo?

Mara akahisi joto mgongoni.

"Attracta!" Malachy alipiga kelele mlangoni. "Wingu limepasuka, jua hilo! Umelikalia! Lala chini, mama, mgongo wako umeziba njia yote!"

Nje watu wakaangua kicheko. Attracta akajilaza ubavu kwenye udongo, koti lake la kanisani likiwa mwilini, na mwanga ukampita begani. Ukutani vikajitokeza vijua vidogo vya kuchongwa vyenye miale, kimoja baada ya kingine. Siagi gani! Ilikuwa rangi ya kiini cha yai la kuku wa nyumbani, na ilikuwa ikitembea. Maskini Fintan hakudanganya hata chembe, ila kusimulia ndiko kulikomshinda. Attracta akacheka huku machozi yakimtiririka.

"Zamu yako imekwisha, mama," Malachy alisema. "Wenzako wanangoja, na mwanga haukai."

"Miaka yote hiyo nimewachemshia chai. Waambie wangoje."

Malachy akageuka, akawaambia. Hakuna aliyenung'unika. Walisimama upeponi, mikono mifukoni, wakimsikiliza Attracta akimgombeza mumewe kwa furaha mle ndani, mpaka jua likapanda juu na ukuta ukarudi gizani.