Baridi Yabisi ya Bibi Arusi

Nilifika Maskati mwaka 1966 na sanduku moja, suti moja, na diploma yangu ya utabibu msaidizi ndani ya fremu. Kioo cha fremu kilipasuka melini, diploma haikuguswa. Wako waliozaliwa na jina. Mimi nilizaliwa na baba mshona viatu, Unguja, na kila nilichonacho nimekitafuta mwenyewe. Miaka mitatu Bombay niliosha chupa katika duka la dawa asubuhi ili mchana nikae darasani na watoto wa matajiri, na katika mtihani wa mwisho niliwashinda wote isipokuwa mmoja. Nilipomaliza, Unguja niliyoiacha haikuwa tena ya kurudia. Nikaja katika mji wa babu yangu, mji ambao babu mwenyewe aliukimbia kwa njaa.

Hapakuwa na mtu wa kunipokea. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, na sokoni walikuwa wakitabasamu kabla sijamaliza sentensi. Waliniita Zinjibari. Hospitali iliyoniajiri ilinihitaji asubuhi. Alasiri nilirudi katika chumba changu chenye dirisha linalotazama jabali. Nyakati nyingine nilipitisha siku nne bila kutamka neno la Kiswahili, ila nikijikwaa kidole.

Mtu mmoja ndiye aliyeniokoa na ububu huo. Alikuwa mjane wa Unguja, jirani wa nyumba ya tatu, aliyekuja mwaka 1964 na binti yake wa pekee. Kila Ijumaa alinipelekea bakuli la wali na mchuzi wa papa. Bakuli la jirani halirudi tupu, kwa hiyo nilikuwa nalirudisha na halua.

“Daktari mzima,” alikuwa akiniambia mlangoni, “hujui hata kuchemsha chai.”

“Mimi si daktari, bibi. Ni tabibu msaidizi.”

“Basi msaidie tabibu akufundishe chai.”

Zile dakika tano za mlangoni zilikuwa ndiyo wiki yangu.

Binti yake alikuwa ameolewa na kijana anayefanya kazi Kuwait, na aliishi kwa mama mkwe, mtaa wa pili. Mkwe huyo naye alikuwa wa Unguja, ila alitangulia kuja Maskati miaka mingi na hakuacha watu wasahau. Binti alipofika mwezi wa tano wa mimba akaanza kuhema. Nikaitwa.

Nilivaa suti. Chumbani niliwakuta mama, mkwe, na wanawake wengine watatu wa nyumba ile. Bibi arusi alikuwa ameketi kwenye godoro, amejifunika buibui, mito mitatu nyuma yake. Nilifurahi kuona watu wengi, nisiseme uwongo. Niliuliza maswali yangu kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kama nilivyofundishwa. Amewahi kuugua homa ndefu? Viungo viliwahi kumvimba? Alipata kuumwa koo sana utotoni?

“Hajaugua kitu,” mama yake alijibu, akitazama jamvi. “Hata surua.”

“Mtoto mzima huyu,” mkwe akasema. “Ndiyo maana tulimposa.”

Nikaweka stetoskopu juu ya nguo, kwa heshima ya waliokaa, nikasikia zaidi mkwaruzo wa kitambaa kuliko moyo. Ile mito mitatu niliiona. Sikuuliza ni ya nini. Nikatoa hotuba kuhusu upungufu wa damu kwa wajawazito, nikaacha vidonge vya madini ya chuma, na wanawake wakasema mashaallah. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa kifua mbele.

Baada ya wiki mbili mama alikuja hospitalini peke yake. Hakuleta bakuli. Alifungua leso, na ndani yake mlikuwa na makohozi yenye michirizi ya damu.

“Usiku halali,” alisema. “Akilala chali anasema anazama. Hukaa hivyo, na mito, mpaka alfajiri.” Kisha akashusha sauti. “Alipokuwa na miaka tisa aliumwa koo. Likapoa. Baada yake magoti yakavimba, yakapoa, vikaja viwiko, vikaja vifundo vya mikono, na homa juu yake. Tukasema baridi yabisi. Nilimkanda mafuta ya karafuu mwezi mzima.”

Niliketi. Maswali yangu yote matatu, na majibu yake yote matatu.

“Kwa nini hukuniambia siku ile?”

“Ningekwambia vipi, mwanangu, na mkwe kakaa pale? Binti mwenye maradhi ya siri haposwi, na akishaolewa hurudishwa. Nawe uliuliza kwa sauti ya muadhini.”

Kwetu mtu hahitaji diploma kulijua jambo hilo. Mama yangu mwenyewe aliwaficha watu kifafa cha dada yangu mpaka dada mwenyewe alipozaa. Tabibu mgeni angeweza kukosea vile akasamehewa. Mimi nilikuwa mtoto wa nyumba zilezile.

Siku ya pili tulimchunguza nyumbani kwa mama yake, tukiwa watatu tu. Mama alimlaza ubavu wa kushoto, akanishikia shuka, na kipimo kikagusa ngozi chini ya ziwa. Nilimwomba binti atoe pumzi na asivute nyingine. Ndipo nilipousikia: mlio mfupi, kisha ngurumo ya chini, ya mbali, kama gari la punda linalopita kwenye changarawe upande wa pili wa ukuta. Bombay nilikuwa mwanafunzi wa kwanza darasani kuisikia ngurumo hiyo. Ni sauti ambayo asiyefundishwa huipita.

“Nambie kwa lugha ya watu,” mama alisema.

Nilimwambia ile baridi yabisi iliondoka magotini ikabaki moyoni, imeukunja mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto. Fikiria siku ya arusi, mlango wa ua umefunguka nusu. Watu wanazidi kuja, wanasongamana uchochoroni. Uchochoro huo ndiyo mapafu yake, na mimba ndiyo arusi: kila mwezi damu inaongezeka. Mapafu yanaweza kujaa maji. Moyo unaweza kupoteza mwendo wake, na damu inayotuama ikaganda, bonge likaruka hadi kichwani, likampooza upande mmoja au kumuua.

“Inshaallah haifiki huko,” alisema. “Dawa yake?”

Daktari wetu alimsikiliza, akakubaliana nami neno kwa neno. Alimpa dawa za kutuliza moyo na kupunguza maji, na amri ya kupumzika. Lakini mlango wenyewe ulihitaji kufunguliwa. Mimi nilikuwa nimemwona kwa macho yangu mwalimu wangu wa Bombay akiingiza kidole ndani ya moyo unaodunda na kuupanua mlango kama huo. Nilimwandikia usiku uleule ampokee. Ila meli ilitaka ruhusa ya mume, na habari za mume zilipitia kwa mama yake.

Nilikwenda kumwambia mkwe mwenyewe. Mama wa binti alikaa nyuma yangu.

“Mbuzi tunamtazama meno,” mkwe alisema. “Mke wa mwanangu nimeletewa kafunikwa.”

“Bi mkubwa, nna diploma ya kazi hii. Akibaki hapa hafiki mwezi wa nane.”

“Na diploma yako ilikuwa wapi wiki mbili zilizopita?”

Ni mara hiyo tu maishani mwangu nimeulizwa swali la kazi nikakosa jibu. Mwishowe alituma simu ya maandishi Kuwait, na siku ya tatu mume akajibu kwa neno moja: Mpelekeni.

Mama na binti waliondoka kwa meli ya Bombay, na bakuli la Ijumaa ya mwisho likabaki kwangu. Mwalimu wangu aliufungua mlango ule, na binti akajifungua salama mtoto wa kike. Jambo hilo nalihesabu juu kuliko diploma. Kisha mume akawachukua wote wawili na mtoto, wakahamia Kuwait.

Mkwe alibaki. Tulikuwa tukikutana njiani karibu kila siku. Nilimsalimia kwa Kiswahili, na tangu siku ile ya kumwambia ugonjwa hakunijibu ila kwa Kiarabu.

Hospitalini nikaanza kuwatoa watu chumbani kabla sijauliza swali. Mashangazi walinung'unika, wakasema Zinjibari ana kiburi. Nikabaki na mgonjwa na mama yake, nikiuliza kwa sauti ndogo, kisha nao wakaondoka.

Mwaka 1969 ilikuja barua ya mama, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama waandikavyo watu wa rika lake. Mtoto ameota meno. Binti anapanda ngazi bila kusimama, ila kila mwezi anachomwa sindano ya penisilini ili baridi yabisi isirudi, analalamika. Na chini kabisa: “Bakuli langu liko kwako. Likae.”

Nilifunga mlango, nikaisoma barua yote kwa sauti, kisha nikaisoma tena, ili Kiswahili kisikike chumbani.