Mbao za Kesi

Bwana misitu wa geti la ukaguzi wa mbao kwenye njia ya Ruangwa hakuwa mtu wa kuketi. Kila asubuhi, kabla ya chai, alilizunguka rundo la mbao za mninga alizozikamata porini Narung'ombe mwaka wa tisini na nane, akizigonga moja moja kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio, kama mtu anayechagua chungu sokoni. Kucha zake zilikuwa safi, na shati lake la kaki halikukosa mkunjo wa pasi. Aliyethubutu kuliegemea rundo, hata mzee aliyechoka, alifukuzwa. Mwalimu Scholastika, ambaye wanafunzi wake waliandikia sakafuni wamelala kifudifudi, alikuja kila shule zilipofunguliwa kuomba mbao za madawati, na kila mara alijibiwa kwa sauti ileile ya upole, kama ya mtu anayemjulia hali mgonjwa: "Hicho ni kidhibiti, mwalimu. Kesi ikiisha, njoo."

Safari ya mwisho mwalimu alimkuta katikati ya kazi yake. Kidole kiligonga ubao wa juu, kikazama chote. Alipokichomoa kilikuwa kimejaa udongo wa mchwa. Mwalimu alidhani leo hata yeye ataona aibu. Bwana misitu alijifuta kwenye suruali, akaokota kipande kilichobanduka, akakirudisha mahali pake na kukibana kwa gumba mpaka kikashika.

"Zipo salama," alisema. "Mali ya serikali haipotei hapa kwangu, mwalimu."

Akaendelea na ubao wa pili, ila sasa aligonga taratibu.