Siku Mjomba Alipomkana Dada

Mjukuu wangu anamwaga Kiingereza kama maji. Jana alinisomea neno moja la Kiingereza kwenye simu: eti ni sifa ya mtu anayekutania kwa uongo usio uongo, naye anajua kwamba unajua. Nikachukia. Sisi tulipokuwa wadogo, nani alitueleza utani huo?

Siku walipokuja kumposa dada yangu, kwetu Rwezamenyo kulinukia siagi ya ng'ombe na moshi wa kuni. Mjomba akawaambia wageni bila hata kutabasamu, "Mmechelewa, wazee. Binti huyo tumeshawapa watu wengine."

Dada alimpenda kijana aliyekuja kumposa hadi kukosa usingizi. Nikasimama. "Mjomba, mbona unadanganya? Dada yuko chumbani anapakwa mafuta."

Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Mgeni mmoja akasema, "Basi tuongee na huyu mdogo, ndiye mkweli hapa."

Leo najua kwamba posa kwetu huanza kwa kukataliwa hivyo, kwa mchezo. Siku ile mama alinivuta sikio tu, akanitoa nje. Nikakaa mlangoni kwa dada na mchi wa kinu, njaa inaniuma, nikiwasubiri hao watu wengine aliowataja mjomba.