Siku Niliyouliza Mimi ni Mtoto wa Nani

Nilikuwa nimechoka kabla hata hatujafika Lodwar. Tulitoka Kakuma alfajiri, wanafunzi sita na mwalimu wetu wa historia, kwenda kuwasikiliza wanafunzi wa sheria wa chuo kikuu. Walikuja kutueleza habari za Katiba, na kazi ya wakili anayetetea watu wasio na uwezo. Wenzangu walikuwa wanangoja soda. Mimi nilikuwa na swali, na sikuwa nimelala vizuri wiki nzima kwa sababu yake.

Mjomba wangu alikuwa ametuma ujumbe kutoka Nakalale: muhula ukiisha, niache shule niende kumsaidia mke wake dukani. Nilikuwa kidato cha tatu. Mama alilia, lakini hakukataa. Baba anapakia malori Lokichoggio na hajamaliza kutoa mifugo ya mahari. Kwetu mahari isipokwisha, watoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo neno la mwisho juu yangu ni la mjomba. Baba hata hakuulizwa.

Ukumbi ulikuwa Kanamkemer, mtaa wa Lodwar, mabati matupu juu, joto la kukausha mate. Mwanafunzi mmoja wa kiume alizungumza kwanza. Akasema akimaliza chuo atachukua kesi za ardhi, za watoto, za watu waliosahaulika rumande, hata kama hatapata utajiri.

"Buda, na suti utanunua na nini?" kijana mmoja nyuma akauliza. Watu wakacheka. Naye akacheka, akasema hii aliyovaa ni ya kaka yake.

Kisha msichana wa sheria akatuambia tuandike maswali kwenye karatasi bila majina. Nilishukuru Mungu. Mimi hata darasani nikiulizwa najibu nikiangalia meza. Niliandika: "Kama baba hajamaliza mahari, mimi ni mtoto wa nani?" Nikaikunja mara nne.

Akaitoa ya tatu. Akaisoma kwenye maikrofoni, na kabla hajafungua mdomo kujibu, ukumbi mzima ukamjibu: "Wa mjomba!"

"Mjomba? Kwa nini mjomba?"

"Sista, wewe si wa huku!"

Walicheka mpaka masikio yangu yakawaka. Msichana aliyekaa kando yangu, wa kutoka Sudan Kusini, anasoma shule ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ndiye hakucheka. "Hata kwetu ni hivyo," akaninong'oneza. "Ni swali lako?" Nikakataa. Halafu nikakubali kwa kichwa.

Yule msichana wa sheria akafungua Katiba, akasoma kwamba mtoto ni jukumu la baba na mama, wawe wameoana au hawajaoana. Mwalimu wetu akasimama.

"Madam, umejibu vizuri. Sasa mjomba akifika na fimbo yake na kigoda chake, huo ukurasa atasomewa na nani?"

Msichana wa watu akaifunga Katiba. Nilimwonea huruma. Kisha akaitazama tena karatasi yangu. "Sijui, mwalimu. Lakini mtu haulizi hivi bure. Aliyeandika, kuna jambo gani linakuja?"

Sikusimama. Nilimwambia jirani yangu kwa sauti ya chini, yeye akasimama akasema kwa sauti kubwa: "Mjomba anataka aache shule."

"Basi ulikosea swali," akasema yule wa sheria, bila ukali. "Usigombanie wewe ni wa nani. Anayesema wewe ni wake, sheria inamtaka akuweke shule. Mkubalie, halafu mwambie hivyo."

Njiani kurudi wenzangu waliimba. Mimi nilirudia sentensi moja mpaka ikakosa maana.

Mjomba alikuja Jumamosi. "Ejok?" akasalimia, akakalia kigoda chake, akapewa chai. Nilisema nikiangalia viatu vyake vya tairi.

"Mjomba, mimi ni mtoto wako. Sikatai. Lakini sheria inasema mwenye mtoto lazima amweke shule."

"Nani amekufundisha hiyo hila?"

"Wanafunzi wa sheria, Lodwar."

"Wamemaliza kusoma?"

"Bado."

Alicheka sana, peke yake. Kisha akamgeukia mama, nadhani akitaka anikemee. Mama alikuwa anafuta meza ambayo haikuwa na kitu. "Umemsikia mtoto wako," akasema.

Mjomba akanywa chai yote ndipo akasema, "Amalize kidato cha nne. Halafu tutaongea."

Nilidhani nitaruka. Sikuruka. Nilichukua vikombe nikaenda kuviosha, na mikono ilikuwa mizito kama nimechota maji siku nzima. Ile "halafu" yake niliisikia vizuri. Ni mwaka mmoja na kidogo tu, na baba bado hajui kwamba niliongelewa.

Jumatatu sare yangu haikuwa imepigwa pasi. Nikaivaa hivyo hivyo, nikaenda shule.