Matawi ya Lusina

Nimewachapa wajukuu wangu kwa uongo mdogo, wa sukari, wa kikombe kilichovunjika. Kwa hiyo haya ninayoandika ni kujivua nguo mwenyewe, na sitayapamba.

Nyumba yangu iko kando ya barabara kubwa, kati ya Migori na Isebania. Malori yanapita hapo kutwa. Siku moja, saa nane hivi mchana, lori la mahindi liliharibika mbele ya lango langu. Dereva akaingia, mtu mzima, ana mvi kidogo, akapiga hodi vizuri.

"Mama, naomba panga. Nataka kukata matawi niweke barabarani, watu waone gari imesimama."

"Na ile pembetatu nyekundu ya kuonya? Hamkupewa?"

"Iliibwa, mama. Nilikuwa nimeiweka nyuma ya gari, nikaenda kujisaidia. Kurudi, hakuna."

"Basi uliibiwa ukiwa umechuchumaa."

Alicheka. Nikampa panga, nikamwonyesha ua wangu wa miti ya lusina, kwa sababu lusina ina majani mengi. Alikata mzigo mzima, akapanga matawi kwa mstari kuanzia hatua nyingi nyuma ya lori mpaka karibu na magurudumu. Panga alirudisha amelipangusa. Akasema anaenda Migori kutafuta fundi.

"Niangalizie, mama."

Nikasema nenda.

Jioni, saa kumi na mbili na kitu, nilikuwa narudisha mbuzi. Mbuzi kwa lusina ni kama mtoto kwa sukari nguru. Wote wanne walinitoroka wakaenda kula barabarani. Nikawafukuza, wakarudi. Lori jingine likapita likipiga honi, karibu limkanyage mbuzi mmoja mwenye mimba. Nikakasirika. Nikajiambia, ua ni wangu na mbuzi ni wangu. Nikayaburuta matawi yote mpaka zizini, safari tatu, mgongo unaniuma, mbuzi wananifuata kama waumini. Niliona nimetumia akili. Watu wa pikipiki, kusema kweli, sikuwafikiria hata kidogo.

Giza lilikuwa linaanza tu niliposikia mshindo. Mwalimu wa shule yetu ya msingi, aliyewafundisha wajukuu wangu kusoma, alikuwa ameingia na pikipiki yake chini ya lile lori kutoka nyuma. Mguu wake wa kulia ulikuwa umegeuka kabisa, kisigino mbele. Niliufunga kwa leso niliyojifunga kiunoni. Alikuwa akiniita Dani, kama mjukuu anavyomwita nyanya yake kwetu.

"Dani, hii lori imekuwa hapa tangu saa ngapi?"

Nikamwambia anyamaze, asimalize nguvu. Watu wakamweka kwenye pikapu, wakaondoka naye.

Dereva alirudi na fundi wake akakuta umati. Kitu cha kwanza aliangalia barabara.

"Matawi yangu iko wapi?"

"Matawi gani?" mtu mmoja akamjibu. "Uliweka matawi ama uliweka maombi?"

Watu walicheka, kile kicheko kinachotangulia ngumi. Bahati yake polisi wa trafiki walifika kabla hajaguswa. Mmoja akanijia na kalamu.

"Nyanya, hii nyumba ni yako. Uliona matawi yoyote hapa?"

Nyuma ya nyumba mbuzi walikuwa wakitafuna, nawasikia.

"Sikuona."

Dereva alinitazama. Akapandishwa gari la polisi.

Siku ya tatu, ametolewa polisi kwa bondi, alikuja na watu wa kuvuta lori. Akaingia kunisalimia, na macho yake yakaenda zizini. Fito zilikuwa zimelala pale, zimetafunwa mpaka zikawa nyeupe.

"Kumbe ni mbuzi," akasema.

Nikamjibu, "Mbuzi hawaendi kortini." Mdomo wangu huu huu ndio ulisema hivyo.

"Wewe unaenda, mama. Nitakuita shahidi. Nikisema niliweka onyo na hakuna mtu wa kuniunga mkono, nafungwa."

Mwalimu alikuwa amepelekwa hospitali ya Homa Bay, na huko mguu ukakatwa chini ya goti. Nilienda kumwona mara tatu, na mayai ya kuchemsha. Mara ya pili aliniambia wakili wake amefurahi, kwamba wenye lori hawana pa kukimbilia kwa sababu hapakuwa na onyo lolote barabarani.

"Na wewe ndiye shahidi wangu, Dani."

Basi wanaume wawili walikuwa wananitegemea, kila mmoja kwa neno lake, na neno la kweli lilikuwa moja. Nilimmenyea yai. Nikamwambia ale.

Miezi ikapita. Kanisani nikaanza kukaa nyuma. Nyumbani mjukuu mmoja alikunywa maziwa ya wageni akakana, povu bado liko mdomoni. Nikainua fimbo, nikaiweka chini. Akaenda kuwaambia wenzake nyanya ni mgonjwa.

Siku ya kesi ya dereva, kortini Migori, nilishika Biblia nikasema yote. Nilisema panga nilitoa mimi, lusina ni yangu, na matawi niliyaondoa kwa mikono yangu. Kiongozi wa mashtaka akaniuliza kwa nini nilimwambia polisi sikuona.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba ni mimi."

Hakimu akaniuliza kama najua maneno haya yanaweza kunirudia. Nikasema najua. Dereva alikuwa ameinamisha kichwa. Baadaye shtaka kubwa halikumshika, alitozwa faini ya ile pembetatu tu. Lakini kwa miezi hiyo yote hakuna mtu aliyempa lori la kuendesha.

Nilipotoka, mwalimu alikuwa kwenye benchi la nje, magongo yameegemea ukuta. Nikakaa kando yake.

"Wakili wangu sasa atakutafuta wewe," akasema.

"Anitafute. Kwangu panajulikana."

"Ulikuja Homa Bay mara tatu, Dani. Ungeniambia mimi kwanza. Si nikusikie huko ndani, mbele ya watu."

"Niliona haya."

"Mimi nilikuwa naambia watu wa wodi, huyu ni nyanya yangu."

Tukakaa hivyo mpaka gari la kumchukua likafika, mke wake akiwa ndani. Nikanyoosha mkono nimsaidie kusimama. Akauangalia. Kisha akabaki ameketi, akamngoja mke wake.